Nililipia plagi 6, nikabadilishiwa 4

Risiti ninayo hadi leo. Imeandikwa plagi 6, na chini yake ufundi wa kubadilisha plagi 6. Gari langu ni Porsche 911, toleo la 996, lina silinda 6, hesabu ikakubali, nikalipa bila maneno. Ilikuwa mwaka jana au karibu na hapo, kwenye gereji moja hapa Nairobi yenye sakafu ya vigae na chumba cha kungojea chenye kahawa. Siitaji kwa jina, ila hasira yangu yote ni juu yao.

Mvua ndiyo iliyowaumbua. Kila inaponyesha, gari linaanza kumisi. Linatetemeka kwenye foleni, taa ya injini inawaka, nguvu inakufa mlimani. Jua likitoka, linatulia kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikawarudishia. Mashine yao ya kupimia ikasoma P0304, maana yake silinda ya nne haichomi sawasawa. Fundi yeyote hapo angeanza kwa kufungua koili (kifaa kinachoipa plagi umeme wa kuwasha petroli) na plagi ya silinda hiyo. Lakini kijana wa dawati akanieleza kwamba plagi ni mpya, wao wenyewe ndio walioziweka, kwa hiyo tatizo liko ndani na injini lazima ishushwe. Bei aliyotaja ingeninunulia matairi manne. Nikamwomba, kwa heshima kabisa, nione koili kwanza.

"Bosi, hii si Probox. Ukiigusa utalia."

Nikamwambia basi nitaifungua mwenyewe nyumbani. Akamgeukia mwenzake akasema, nami nikisikia, kwamba magari haya hayakuundwa kufunguliwa huku kwetu.

Hayo ndiyo yaliyonichoma, kuliko hata bei. Huku kwetu? Mwaka 1978 Vic Preston Junior, Mkenya, alimaliza wa pili kwenye Safari Rally akiendesha 911 SC, injini ikiwa nyuma vilevile, kwenye tope na mawe ya nchi hii hii. Magari ya Safari yalifunguliwa na kufungwa kando ya barabara, vumbini. Halafu mtu anayeshika kalamu kutwa nzima ananiambia plagi ni siri ya Wazungu.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Kinachotisha watu ni kwamba ukifungua boneti ya nyuma huzioni plagi. Injini ya 911 imelala ubavu, silinda tatu kushoto na tatu kulia, na plagi ziko chini pembeni, zinatazama magurudumu. Unaingia kwa chini na kwa pembeni, ukiwa umetoa matairi ya nyuma na gari limekaa kwenye stendi imara. Jeki peke yake haitoshi, tafadhali, huo ni uhai wako. Ekzosi ndiyo adui. Masanduku yake yamekaa kwenye pembe za nyuma, na plagi iliyo jirani nayo haifikiki vizuri mpaka uyasogeze. Bolti zake zimekaa na joto na kutu kwa miaka. Zinyunyizie mafuta ya kulainisha kutu jana yake na usizilazimishe, kwa sababu bolti ya ekzosi ikikatika ndipo utakapomhitaji fundi kweli.

Injini iwe baridi kabisa. Kichwa chake ni cha aluminiamu, na ukifungua plagi kikiwa moto unaweza kuondoka na nyuzi zake, ile mistari ambayo plagi hujikaza ndani yake. Puliza vumbi shimoni kabla ya kuichomoa, la sivyo mchanga unaingia kwenye silinda. Nafasi haitoshi kuingiza soketi, kiendelezo na racheti vikiwa vimeungana, kwa hiyo unatanguliza soketi, halafu kiendelezo, halafu racheti, kimoja kimoja, ukiviunganisha humo humo ndani. Plagi mpya ianze kwa vidole mpaka uisikie imeshika nyuzi, ndipo umalizie na spana ya kupimia nguvu ya kukaza, kwa Nm 30. Ni kazi ya subira. Mgongo unauma, hilo sikufichi. (Wenye 911 za zamani zaidi, 964 na 993 zisizo za turbo, nawapa pole, injini zao zina plagi mbili kwa kila silinda, jumla 12.)

Sasa sikilizeni nilichokikuta.

Plagi nne zilitoka safi, chapa moja na ile iliyo kwenye risiti. Mbili, moja kila upande, zile ambazo lazima usogeze ekzosi ndipo uzifikie, zilikuwa za chapa nyingine kabisa. Zimepata kutu, ncha zimelika, mwanya umepanuka kiasi cha kuonekana kwa macho tu. Bolti za koili zake zilikuwa na uchafu mkavu ambao haujawahi kuguswa na spana. Na koili ya silinda ya nne ilikuwa na ufa mrefu kwenye plastiki. Maji yanaingia kwenye ufa ule, umeme unatorokea pembeni, silinda haichomi. Ndiyo mvua yote hiyo! Petroli isiyoungua inateremka kwenye katalisti, kile kisafishio cha moshi ndani ya ekzosi, na kuipika, nami nimeendesha hivyo miezi na miezi nikiamini plagi zangu ni mpya.

Nimeweka koili mpya na plagi 6 mpya zote. Mvua imenyesha, gari halijamisi tena.

Nilipoanza kuandika nilitaka kuwa wa haki. Breki walinifanyia vizuri, na fundi mmoja mtu mzima pale ni mtaalamu kwelikweli, nilikuwa nimpongeze. Nilikusudia kusema nendeni kwa breki, plagi fanyeni wenyewe. Lakini nikiitazama ile risiti, nauliza: kama walinitoza pesa ya plagi ambazo hawakuzigusa, pedi za breki nimeziona? Sijaziona. Kwa hiyo msiende hata kwa breki. Na zangu nazifungua wiki hii.

Niliwapelekea picha za plagi mbili kuukuu. Meneja amepiga simu, anasema nifike tuzungumze, atanipa punguzo kwenye huduma ijayo. Hakuna huduma ijayo. Nataka pesa ya plagi mbili na ufundi wake, nataka pesa ya koili, na yule kijana wa dawati anitamkie mbele ya wenzake ni nani aliyesaini kwamba kazi imekamilika.