Niliomba mwalimu wa cherehani, nikaletewa mchoraji

Taasisi ninayoitolea maoni na nyota hapa siitaji jina. Iko Dodoma mjini, kazi yake kuwapangia watu wa kujitolea vituo vya muda mrefu. Wenye vituo huku Kongwa na Mpwapwa mtakuwa mmeshaijua.

Chuo chetu ni kidogo, kiko pembeni ya Kibaigwa, tunafundisha mabinti ushonaji. Mwalimu wetu aliolewa Singida, akaondoka. Tukaomba mtu wa kukaa nasi mwaka mzima: ajue kuchukua vipimo, kukata, kutumia ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa, awaandae wanafunzi kwa mtihani wa ufundi wa VETA. Yote hayo niliyaandika. Shida ni kwamba fomu yao ina visanduku: Elimu, Afya, Kilimo, Sanaa na Ubunifu. Ushonaji haumo. Na inaelekea anayepanga watu huangalia kisanduku tu, maelezo niliyokesha nikiyaandika wala hayagusi.

Akaja binti wa Kijerumani, mchoraji. Cherehani hajawahi hata kuikalia. Maskini, yeye aliambiwa anakuja kuwafundisha watoto wadogo kuchora, begi zima limejaa rangi. Pale stendi tulitazamana tu.

Nikafunga safari hadi ofisini kwao. Kijana niliyemkuta, rika la kitinda mimba wangu, shikamoo hakunipa, kiti hakunipa, macho yako kwenye simu. Sijamaliza hata kueleza, ananikatisha: "Mama, mtu wa bure hachaguliwi."

Bure! Ada ya uratibu nililipa. Kitanda, godoro, neti, nilinunua mimi. Kibali cha ukaazi daraja C tulikihangaikia wenyewe Uhamiaji, nenda rudi, nenda rudi. Bure iko wapi hapo? Nilipokuwa sekondari tulifundishwa fizikia na Mmarekani wa Peace Corps, shirika lao la watu wa kujitolea. Wale hufundishwa kwanza Kiswahili na maisha ya hapa kwa takriban miezi 3, ndipo wanakwenda kituoni kwa miaka 2. Mwalimu wetu yule alishuka kwenye basi akijua amekuja kufundisha nini. Hawa wa kwetu hata simu moja ya kuniuliza, "Mama, unahitaji fundi wa aina gani?" imewashinda.

Nyota moja. Sifuri ingekuwepo ningeibonyeza.

Ila binti hakuondoka. Alikaa benchi moja na wanafunzi, akafundishwa kutia uzi kwenye sindano, mabinti wakimcheka na yeye akicheka. Halafu akaanza kuwachorea mishono. Sasa hivi hawakati kitambaa kabla ya kuchora, na michoro tunaibeba mnadani, wateja wanachagua kwa kidole. Oda zimeongezeka. Nikasema basi, niwape nyota tatu, huenda walijua wanachofanya.

Juzi kijana yuleyule kanitumia ujumbe: anaomba picha za binti na wanafunzi, waziweke kama mfano wa "mpangilio uliofanikiwa". Mpangilio wa nani? Habari yako mama, hakuna. Nyota zangu mbili nimezichukua, wamebaki na ileile moja. Zile tatu zilikuwa za binti, msijihesabie.

Mtihani unakuja na mwalimu bado sina. Fundi unayesoma hapa, kama unaweza kukata koti na sare za shule, njoo Kibaigwa. Ada ya uratibu hakuna, chumba kipo, ugali na mlenda utakula mpaka useme basi.