Tahadhari kwa wenye magari Mombasa: tepu ya paa inauzwa kama mikeka ya kuzuia mtetemo

Ndugu zangu wenye magari, naandika kuwatahadharisha juu ya fundi mmoja anayezunguka hapa Mombasa, kisiwani na upande wa Nyali, akijitangaza mitandaoni kwamba anamaliza kelele za milango ya gari zinazosababishwa na redio. Jina lake silitaji kwa sababu nimeazimia kumdai kwa njia ya sheria, lakini namna anavyofanya kazi nitaieleza yote ili mtu mwingine asiingie nilimoingia mimi.

Mwishoni mwa Januari nilibadilisha spika za milango ya gari langu, na tangu siku hiyo kila besi ilipopiga milango ilitatarika kama sufuria yenye kifuniko kilicholegea. Fundi huyo alinifuata nyumbani na kipande cha mfano cha mkeka wa kuzuia mtetemo, ule unaobandikwa kwenye bati ndani ya mlango, akanipa nikishike. Kilikuwa kizito kuliko kilivyoonekana, kimefunikwa foili ngumu ya alumini upande mmoja, upande wa pili mpira mweusi wa butili unaonata bila kuacha weusi kidoleni, na hakikuwa na harufu yoyote. Tulikubaliana shilingi 14,000 kwa milango minne, nusu nikamtumia papo hapo kwa simu. Kisha akaniambia, "Dada, hii ni kazi ya muda mrefu na jua kali, nenda ukapumzike, nikimaliza nitakupigia." Nilikwenda. Jioni nilikuta paneli za milango zimesharudishwa mahali pake, redio inapiga vizuri, nikamlipa nusu iliyobaki.

Kwa siku chache milango ilitulia kweli, na hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika, kwa kuwa kitu chochote kizito kikibandikwa kwenye bati hupunguza mtetemo kwa muda. Lakini ule ulikuwa msimu wa kaskazi, na gari langu hushinda juani kutwa nzima. Kabla ya wiki mbili kutimia, nilipofungua mlango saa kumi jioni nilipokewa na harufu ya lami, ile ile inayosikika barabara inapotengenezwa. Mwanangu, ambaye hukaa nyuma, alianza kulalamika kichwa kinamuuma kila tukifika darajani. Siku moja aliteremka na doa jeusi kwenye mkono wa shati lake la shule. Nilipoinama kutazama, niliona uzi mwembamba wa kitu cheusi umechuruzika kutoka chini ya paneli ya mlango, unang'aa kama asali. Doa lile halikutoka kwa sabuni wala kwa kuloweka.

Fundi hakupokea simu tena. Nilipeleka gari kwa mzee mmoja anayefanya kazi za bodi miaka mingi, naye alipovua paneli ya kwanza alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, hii ni ya kuzibia mabati ya nyumba." Ilikuwa tepu ya lami yenye foili juu, inayouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi kwa ajili ya paa linalovuja. Ukiiweka kando ya mkeka halisi, kwa macho hutaona tofauti kubwa, na nadhani ndiyo sababu wizi huu unawezekana. Lami hulegea kwa joto. Ndani ya gari lililofungwa juani, joto linaweza kupita nyuzi 50 za selsiasi, na bati lenyewe huwa na moto zaidi, kwa hiyo tepu ile hupoteza mshiko na kuteremka taratibu. Butili ya magari hustahimili joto hilo, na kwa kuwa imebanwa kati ya bati na foili ngumu, mtetemo hugeuka kuwa joto dogo sana ndani ya mpira badala ya kuwa kelele.

Lakini lililoniuma zaidi si tepu. Chini ya kila mlango wa gari kuna matundu madogo ya kutolea maji, kwa maana maji ya mvua hupita pembeni mwa kioo na kuingia ndani ya mlango, nayo hutakiwa kutoka kwa njia hiyo. Fundi yule alibandika tepu hadi chini kabisa na kuyaziba. Masika yalipoanza nilikuwa nikisikia maji yakicheza mlangoni kila ninapofunga breki, nikidhani ni chupa imeanguka chini ya kiti. Mzee alipoitoboa tepu kwa bisibisi, maji ya rangi ya kutu yalimwagika juu ya viatu vyake. Katika mji huu ambao upepo wa bahari wenye chumvi hula bati hata la gari linalotunzwa, mlango uliojaa maji hauchukui muda kuoza. Aidha, bati halikuwa limesafishwa kwa spiriti kabla ya kubandikwa, vumbi lilikuwa bado lipo chini ya tepu, na hapakuwa na dalili kwamba rola ya kukandamizia ilipitishwa juu yake, kwani mapovu ya hewa yalijaa kila mahali.

Basi, akikujia mtu na kazi hii, usikubali kipande cha mfano kiwe ushahidi. Taka kuona boksi la mikeka yenyewe likifunguliwa mbele yako, kisha kata kipande, kibandike wima kwenye bati na ukiache juani mchana mzima. Kikinuka lami au kikiteremka, mrudishie mali yake. Simama hapo anapofanya kazi, hata kama atakuona msumbufu. Akikushikilia kwamba lazima bati lote lifunikwe pasibaki nafasi, fahamu kwamba huenda anahesabu vipande vya kukutoza, kwa sababu kwa mkeka mzuri hata robo ya bati hutosha kuzima sehemu kubwa ya mtetemo. Muulize pia kuhusu klipu za paneli, waya zilizolegea na vyuma vya kitasa, kwa kuwa kelele nyingi hutoka huko na mkeka hauziondoi. Katika gari langu, klipu tatu za mlango wa kushoto zilikuwa zimevunjika, na yeye alizirudisha vivyo hivyo.

Aliyekwisha kudhulumiwa asitupe tepu iliyobanduliwa. Mimi nimehifadhi vipande, picha za matundu yaliyozibwa na ujumbe wa malipo, na nitavipeleka katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo chini ya sheria ya mwaka 2016 husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na mtu anaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Kama nawe fundi huyo alikufanyia kazi, fungua paneli moja utazame sehemu ya chini kabla ya mvua nyingine. Bado anajitangaza, na picha anayoitumia sasa kuonyesha kazi yake ni ya mlango wa gari langu, aliyoipiga siku ile kabla ya kuufunika.