Unga wa kuvu kwa miche ya mikorosho: wa mchangani sawa, kwingine sina hakika

Nina kitalu cha mikorosho hapa Newala. Msimu huu nilitia kwenye viriba unga wa kuvu wa mikoriza, mizizi iuguse moja kwa moja. Kuvu hawa huingia ndani ya mizizi, hutandaza nyuzi udongoni na kuuletea mche fosforasi. Mche nao huwalipa sukari.

Kwenye viriba vya mchanga mtupu wa mtoni, kazi ilionekana: majani mapana, mizizi myembamba tele. Ila vile nilivyochanganya udongo wa chini ya mkorosho mkongwe wa bibi, sikuona tofauti. Sishangai. Udongo ule una kuvu wake wa kienyeji, mgeni anakuta viti vimejaa. Na pengine mgeni ndiye hushinda, akawapunguza wenyeji mizizini. Hilo nalo mie silipendi.

Muuzaji akaniambia niongeze TSP, ile mbolea ya fosforasi, kwa wingi. Jamani! Fosforasi ikizidi, mche hauna haja na kuvu, nao hupungua mizizini. Pakiti yenyewe haitaji aina ya kuvu wala tarehe ya mwisho, wakati hawa ni viumbe hai. Nyota tatu. Nitanunua tena pakiti ndogo, ya viriba vya mchanga tu.