Kuomba benki ikupunguzie mkopo wa nyumba: nyota tatu na nusu kati ya tano, sababu hizi hapa

Watu watatu wameniuliza wiki hii benki inakusaidiaje ukishindwa kulipa mkopo wa nyumba, kwa hivyo naandika mara moja nimalize. Mie niko Mombasa, nyumba yetu iko Mtwapa, tulichukua mkopo wa miaka 20 mwaka 2020 kwa riba ya asilimia 13, tukawa twalipa 58,000 na kitu kila mwezi na maisha yanaenda. Benki siitaji jina, bado nawadai karatasi moja.

Riba yetu ni ile ya kupanda na kushuka, na wakati wa kusaini hakuna mtu aliyefikiria kupanda. Mwaka 2022 mwanzoni riba ya Benki Kuu ilikuwa 7, Februari 2024 ishafika 13, na benki zetu nazo hazikulala. Nikapata SMS ya mistari miwili, "Mpendwa mteja", kisha namba 18. Lile elfu 58 likawa elfu 75. Mshahara nao unakatwa ushuru wa nyumba asilimia 1.5 tangu 2023 (ushuru wa nyumba, na nyumba yenyewe inanitoka mkononi, cheka tu), na mume wangu kazi yake ya kutoa mizigo forodhani bandarini imekuwa ya kubahatisha. Mwezi wa kwanza tukakopa kwa chama chetu cha kuweka akiba tukalipa. Wa pili nusu. Wa tatu hakuna.

Kosa langu la kwanza hili hapa, nilikuwa sishiki simu zao. Namba ya Nairobi ikiingia naigeuza simu uso chini juu ya meza kama mtoto aliyevunja sahani. Wiki tano hivyo. Mwisho mamangu ndo aliyenambia, mwanangu, mdai ukimkimbia atakufuata na kwako, mwendee wewe.

Basi nikaenda. Tawi la mjini, ghorofa ya pili, mlangoni hakuna hata kibao, unauliza askari anakuonyesha kwa kidole. Viti vinne, watu tisa, na kila mtu anaangalia chini. Nimengoja saa mbili na dakika kumi. Hapo nyota moja nimeikata, manake mtu amekuja kujisalimisha mwenyewe jamani, mpe hata pa kukaa.

Kijana aliyenihudumia lakini sina ubaya naye. "Mama, umefanya vizuri kuja kabla faili haijatoka hapa," ndo neno la kwanza. Akanieleza mambo ambayo miaka minne sikuwa nayajua: ukipitisha siku 90 hujalipa mkopo unahesabika mbovu, na hapo watu unaozungumza nao wanabadilika na lugha pia inabadilika. Kuuza nako si kesho asubuhi kama tunavyotishana mitaani. Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka uwe umechelewa mwezi mzima, halafu upewe notisi ya miezi mitatu ulipe unachodaiwa, ukishindwa notisi nyingine ya siku 40 ya kwamba wanauza, na dalali naye akipewa kazi ana siku zake 45 za kukungoja. Na kama ni nyumba mnayokaa na mume au mke, naye lazima apewe nakala, hata kama hati haina jina lake. Kwa hivyo muda upo. Tatizo muda wenyewe ndo ule ule tunaoumalizia kujificha.

Sasa msaada wenyewe. Akanigeuzia kompyuta nione, akasema tunakuongezea miaka mitano, mkopo unakuwa mwepesi. Nikafurahi wallahi, nikatoa na kalamu. Bahati mie ni mtu wa hesabu, nafanya akaunti za hoteli, nikamwambia hebu nisomee ile ya mwezi inakuwa ngapi. 72,700. Kutoka 74,800! Yaani elfu mbili na mia moja kwa mwezi, halafu nilipe miaka mitano zaidi, miezi 60 ya sabini na kitu elfu. Nikamuuliza, mwanangu, hii imenisaidia mie au imewasaidia nyinyi? Akacheka, akasema wengi hawaulizi. Riba ikiwa juu hivyo karibu pesa yote unayolipa ni riba, deni la 4,750,000 kwa 18 riba peke yake ni elfu 71 kwa mwezi, kwa hivyo hata unyooshe miaka mpaka qiyama haitashuka chini ya hapo. Hata ile wanaita kulipa riba tupu ingekuwa elfu 71 hiyo hiyo. Hawakudanganyi, ila hawakwambii mpaka uulize. Nusu nyota nyingine hapo imeenda.

Tulichokubaliana baada ya kwenda mara tatu: miezi sita nalipa elfu 40, inayobaki inaongezwa kwa deni, pamoja na ile ya nyuma. Deni limevimba kwa laki tatu na zaidi, sitaki mtu adhani ni bure. Lakini jina halikwenda CRB (wale wanaoweka rekodi za wasiolipa mikopo) na faili haikutoka ghorofa ya pili. Walitaka barua ya kueleza shida, slipu tatu za mshahara, stetimenti za miezi sita, na mpango wangu wa kupata pesa. Huu mpango ndo waliousoma kweli kweli. Wetu ulikuwa kuhamia kwa mamangu Majengo, watu watano vyumba viwili, na nyumba ya Mtwapa tuipangishe 38,000. Walitaka hadi nakala ya mkataba wa mpangaji.

Katikati ya hayo nilimwendea jamaa mmoja anayejitangaza Facebook kuwa anasimamisha minada. Ofisi ina zulia jekundu na Quran na Biblia zote mbili mezani, sijui kama ni za kusomwa au za wateja. Akataka 80,000 nikachukue amri kortini, na nisilipe benki hata shilingi "tusiharibu kesi". Hata notisi ya kwanza sijapata! Nikamuuliza wakili ninayemjua, akasema korti inaweza kusimamisha ikiwa notisi hazikufuatwa, au nyumba inauzwa kwa bei ya kutupa, sheria inatilia shaka ikienda robo au zaidi chini ya bei ya soko, lakini ukienda unakiri deni na hujalipa chochote jaji atakuuliza pesa iko wapi. Huyu wa zulia nyota hana.

Wakili huyo huyo alinipa jambo ambalo benki hawakulitaja kabisa, kwamba ukiona huwezi tena unaweza kuomba uuze nyumba mwenyewe kwa mnunuzi wako, benki ikubali, deni lilipwe na kinachobaki ni chako, badala ya kungoja nyundo ya dalali. Jirani yetu mmoja alifanya hivyo akabaki na pesa ya ploti Kikambala.

Miezi sita yangu iliisha. Benki Kuu ilianza kushusha Agosti 2024, nikangoja SMS, SMS kimya. Ya kupanda ilikuja usiku! Niliandika barua mbili ndo wakanishushia hadi 16, sasa nalipa elfu 73 na kodi ya mpangaji inabeba nusu. Hiyo barua ya kuthibitisha riba mpya ndo karatasi ninayowadai, kila nikienda iko "kwa sahihi". Alhamisi napanda tena ghorofa ya pili, na safari hii naenda na kiti changu cha plastiki.