Kituo kilichopima mvua kisha kikaitupa: uzoefu wangu

Nimekasirika na sitaficha. Kituo changu cha hali ya hewa cha nyumbani kimepoteza mvua kubwa kuliko zote tangu nikifunge. Kuipima kiliipima, tena vizuri. Kikaitupa.

Dhoruba ilianza jioni, intaneti ikakatika mapema, ikarudi alfajiri. Umeme ulikuwepo, betri za nje nzima. Usiku kucha kisanduku cha ndani, kinachopokea vipimo vya vihisi vya nje, kilinionyesha namba: mvua inapanda, mgandamizo wa hewa unashuka, upepo unavuma kwa vishindo. Asubuhi nafungua programu ya simu nione grafu, nakuta mstari umeishia jioni na kuanza tena alfajiri. Katikati patupu. Kumbe kisanduku hakina kumbukumbu yake hata ya saa moja. Kila kipimo kinarushwa kwenye seva ya kampuni, na seva isipopatikana ndiyo basi tena.

Nikawaandikia huduma kwa wateja, kwa adabu kabisa. Wakanijibu kwamba kifaa kinafanya kazi kama kilivyokusudiwa, nihakikishe intaneti yangu ni ya uhakika. Nikauliza kama wana mpango wa kuweka nafasi ya kadi ya kumbukumbu. Wakasema watumiaji wengi hawaihitaji. Watumiaji gani hao? Anayetaka kujua kama abebe mwavuli anatazama utabiri kwenye simu, yakaisha. Anayesimamisha nguzo na kupanda juu kufunga vihisi anatafuta rekodi, na rekodi yenyewe hasa ni ya usiku kama ule.

Tena ni kitu kidogo mno! Kipimamvua kina vikombe viwili vinavyopinduka kwa zamu, kila mpinduko milimita 0.2, sumaku inapita kwenye swichi, hesabu inaongezeka moja. Ukiandika vipimo kila baada ya dakika 5 unapata mistari 288 kwa siku, 105,120 kwa mwaka. Kadi ndogo kabisa ingebeba miaka na miaka.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba vihisi ni vizuri. Kipimajoto kimekaa ndani ya ngao nyeupe ya visahani inayopitisha hewa, jua la mchana halikidanganyi. Na vihisi vimetenganishwa, jambo ambalo wabunifu wengi hawalijali: upepo hupimwa mita 10 juu ya ardhi mahali pa wazi, joto kati ya mita 1.25 na 2, na kipimamvua kinataka kukaa chini, upepo usije ukapeperusha matone. Vituo vilivyobanwa vyote kwenye kichwa kimoja haviwezi kutimiza hayo matatu kwa pamoja. Hiki kinaweza. Nilidhamiria kukiita takataka, na siwezi.

Kituo ninachokitaka kihifadhi kwanza nyumbani, kitume baadaye. Kiwe na saa yenye betri yake, faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) ninaloweza kulifungua mwenyewe, na intaneti ikirudi kijaze pengo bila kuombwa. Seva iwe mgeni, mwenye nyumba niwe mimi.

Nilikuwa nimetoa nyota mbili. Kisha mtu mwingine anayependa mambo haya kama mimi akanionyesha kwamba vihisi hivi vinarusha vipimo kwa redio, megahezi 433, bila kufichwa kwa msimbo, na programu huria ya rtl_433 inavisoma kupitia kipokezi kidogo cha USB kilichochomekwa kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja. Sasa kila kitu kinaandikwa kwenye kadi yangu, intaneti iwepo isiwepo. Nikapandisha hadi nyota nne.

Halafu nikalisoma tena lile jibu lao. Hapana. Uzuri huo nimeutafuta mwenyewe, wao hawakunipa. Vihisi nyota nne, kisanduku sifuri, na huduma kwa wateja sijui hata niiweke wapi. Kama huna kipokezi wala hamu ya kuhangaika nacho, usikinunue mpaka waweke kumbukumbu ndani.