Mafuta ya kupikia Mombasa: angalia kivuli kabla ya chapa

Kumi la mwisho la Ramadhani nilinunua mtungi wa lita 5 wa mafuta ya alizeti kwa shilingi 1,700, ofa, duka moja si mbali na Marikiti. Mitungi ilikuwa imepangwa nje barazani, jua la saa nane linaipiga mpaka inang'aa kama asali. Nikajiona mjanja. Jioni nikakaanga sambusa, jikoni pakanuka rangi ya mlango. Wageni walikula moja moja, wakasema mashallah, wakahamia kwenye tende. Shangazi yangu peke yake ndiye aliyenambia kweli: "Mwanangu, mafuta haya yamevunda."

Kesho yake nikayarudisha. Muuzaji akaugeuza mtungi, akanionyesha tarehe. "Dada, hayajaekspaya. Bado miezi tisa." Na kwa karatasi alikuwa na haki. Hiyo tarehe inahesabu mafuta yaliyowekwa mahali pa baridi na giza. Hakuna aliyeiambia kwamba yataanikwa kama papa.

Tangu siku hiyo swali langu la kwanza dukani ni hili: yamekaa wapi? Kama unatafuta mafuta yasiyonenepesha, hapa hutayapata, maana gramu moja ya mafuta yoyote, ya nazi au ya zeituni, ni kilokalori 9. Mimi nazungumzia kuvunda tu.

Mafuta tunayopikia karibu yote ni trigliseridi. Fikiria kitana cha meno matatu: mgongo ni gliseroli, meno ni asidi za mafuta, yaani minyororo mirefu ya kaboni. Tofauti ya nazi na alizeti iko kwenye meno. Jino lililojaa hidrojeni limenyooka kama boriti, na boriti zilizonyooka hupangika zikabanana. Ndiyo maana samli huganda. Jino lenye kifungo maradufu, pale kaboni mbili zinaposhikana kwa mikono miwili, limepinda, na boriti zilizopinda haziketi pamoja. Hayo ndiyo mafuta ya maji.

Sasa sikiliza ubaya wake. Asidi ya oleiki, iliyo nyingi kwenye zeituni, ina kifungo maradufu kimoja. Linoleiki, ambayo kwenye alizeti ya kawaida ni zaidi ya nusu ya asidi zote, ina viwili, na ile kaboni iliyobanwa katikati ndiyo mlango wa mwizi. Hidrojeni yake hung'oka upesi, oksijeni huingia, mnyororo hukatika vipande vidogo, na vipande hivyo ndivyo vinavyonuka. Joto na mwanga huharakisha kazi hiyo, na barazani vipo vyote viwili. Halafu kuna hasara isiyonuka. Kenya tangu 2012 sheria inataka mafuta ya kupikia yatiwe vitamini A, na vitamini A haivumilii mwanga. Unailipia wewe, jua linaila.

Siichukii linoleiki. Mwili hauwezi kuiunda wenyewe, lazima tuile. Lakini tuile ikiwa nzima.

Basi hivi ndivyo ninavyoyapanga mafuta ya dukani. Namba moja: nazi. Mimi ni mtu wa chapa ya Kentaste, na sifichi upendeleo wangu: ni nazi ya Kwale, jirani zetu, na wala hawanilipi. Asilimia 90 hivi ya asidi za mafuta ya nazi zimejaa hidrojeni, na karibu nusu ni asidi ya lauriki, mnyororo mfupi wa kaboni 12. Mwizi hana mlango wa kuingilia. Chupa yangu hukaa miezi jikoni na harufu ni ileile. Msomaji wangu mmoja wa Nairobi aliniandikia kwa hasira kwamba ameuziwa mafuta bandia, yameganda meupe kama mshumaa. Hapana, bibi. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi. Huku kwetu hupati baridi hiyo ila usiku wa Julai, huko kwenu ni kila asubuhi.

Ubaya wake nitausema. Mafuta yaliyojaa hidrojeni hupandisha kolesteroli mbaya kwenye damu. Ya nazi mimi natia kijiko kwenye mbaazi na samaki wa kupaka, siyamimini karaini. Kama daktari ameshakuonya, msikilize yeye. Na haya ya kupikwa nyumbani ni matamu sana, lakini hakikisha maji yametoka yote. Maji yakibaki humo huachanisha meno na kitana, asidi ya lauriki ikawa huru, na wali wako ukaonja sabuni.

Namba mbili: uto wa simsim. Oleiki na linoleiki ndani yake ni karibu sawasawa, kwa hiyo ungetarajia uvunde haraka, lakini simsim huzaliwa na walinzi wake wanaozuia oksijeni. Nunua uliokamuliwa karibuni. Ukiona mashapo chini ya chupa usimgombeze mkamuaji. Sehemu yake ni fosfolipidi, jamaa wa trigliseridi mwenye meno mawili tu, hapa tuyaite mikia, na mahali pa mkia wa tatu pana kichwa kinachopenda maji. Viwandani huyaondoa ili chupa ipendeze. Wewe mwenyewe umefumwa kwa fosfolipidi: utando wa kila seli ni safu mbili zake, vichwa nje, mikia imefichwa ndani. Kinachouma hapa ni bei, basi.

Namba tatu: alizeti, kwa sharti. Iwe kwenye kopo la bati au chupa nyeusi, au mwambie kijana akutolee ya ndani stoo, si ile ya mstari wa mbele. Ukipata iliyoandikwa ina oleiki nyingi, chukua hiyo, ni mbegu tofauti na inastahimili. Ikifanya wingu ukiiweka frijini, huenda ni nta iliyotoka kwenye ganda la mbegu. Haijachakachuliwa.

Namba nne: mafuta ya salad ya kawaida, ambayo kwa wengi wetu ni mawese yaliyochujwa. Kwa viazi karai na bhajia hayana mpinzani, kwa sababu linoleiki ni kidogo na karai la saa mbili haliyatishi. Ningeyapandisha juu kama si bei. Mwaka 2022 Indonesia ilizuia kuuza mawese nje kuanzia tarehe 28 Aprili, ikaruhusu tena tarehe 23 Mei. Hata mwezi haukutimia. Huku bei ilipanda kwa lifti, ikashuka kwa ngazi tena kwa kuchechemea. Na meli zinashusha hapa hapa Kilindini! Nikiuliza kwa nini mimi wa Majengo nalipa sawa na mtu wa Nairobi, naambiwa "mama, ni dola". Kila kitu ni dola, hata kitunguu cha Taita.

Na hili la "Haina kolesteroli" lililoandikwa kwa herufi nyekundu linanichosha. Kolesteroli ni ya wanyama. Kwenye mimea ni kidogo hata haihesabiki. Ni kama kuandika kwenye gunia la mchele "hauna mifupa". Tena kolesteroli yenyewe si sumu. Ini lako linaitengeneza kila siku, na mwili unaitumia kuunda nyongo, homoni za uzazi na vitamini D. Wanaokutisha nayo kwenye vibandiko wanataka uongeze shilingi hamsini.

Ya kugandishwa: soma kibandiko. Ukikuta yametiwa hidrojeni kwa sehemu tu, rudisha rafuni. Hapo boriti zilizopinda zimenyooshwa kwa nguvu, na mafuta ya namna hiyo huumiza moyo kuliko hata samli. Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 liliomba yaondolewe duniani kote ifikapo 2023.

Ya kupimwa: pipa limefunguliwa mara ngapi? Kama mfuko hauruhusu mengine, nunua ya siku moja, unuse kwanza.

Ule mtungi wangu sikuumwaga, roho iliniuma. Nikasema nitalainishia bawaba za mlango wa uani. Wiki ya kwanza mlango ulikuwa kimya. Kufika wiki ya nne bawaba zimenata kama ulimbo, kwa sababu oksijeni haikati minyororo tu, huiunganisha pia, na alizeti ikaniwa vanishi. Fundi amenitoza mia tatu kuzikwangua.