Freeplane: programu ya bure ya kupanga mawazo ya mradi wa shule, bila bando

Walimu wenzangu mnaosimamia klabu za sayansi, kama kompyuta za shuleni kwenu zimechoka na bando linatoka mfukoni mwa mwalimu, hii inawahusu. Freeplane ni programu ya kuchora ramani ya mawazo: wazo kuu linakaa katikati, mengine yanachipuka pembeni kama matawi. Ni ya bure kabisa na inakubali Windows, Mac na Linux. Imetokana na programu ya zamani iitwayo FreeMind, na mafaili ya FreeMind inayafungua bila tatizo. Ukishaiweka kwenye mashine, haidai intaneti wala akaunti. Kabla yake tulijaribu huduma moja ya mtandaoni iliyotaka kila mwanafunzi awe na barua pepe yake. Wengi hawana, tukaachana nayo.

Nafundisha baiolojia sekondari hapa Morogoro. Nimeitumia na Kidato cha Tatu kwenye mradi wa kuhifadhi mahindi, mada waliyoichagua wenyewe, maana majumbani kwao dumuzi wanamjua vizuri. Ndiye yule mdudu mharibifu wa mahindi aliyeonekana kwanza hapa nchini kule Tabora, miaka ya 1970 ikielekea mwisho, na wakulima wakambandika jina la Scania. Basi mawazo hayakuwa haba. Shida ilikuwa mpangilio: majivu, mwarobaini, dawa za unga, bei ya mahindi, mifuko ya PICS ya kuhifadhia nafaka, bibi wa fulani anavyoanika, vyote vinamwagika kwa mpigo. Ubaoni mwenye sauti kubwa ndiye anayeandikiwa, na kipindi kikiisha anayeingia anafuta.

Kwenye Freeplane mmoja anakaa kwenye kibodi, wengine wanasema. Enter inaleta tawi jipya la ngazi ileile, Tab inaleta tawi dogo ndani yake. Hizo mbili zinatosha kuanzia, na mwandishi wetu hakugusa mausi mpaka wenzake walipoishiwa. Hapo ndipo kupanga kunapoanza: unalishika tawi, unalikokota, unaliachia juu ya jingine, na matawi yake madogo yanalifuata. Hakuna cha kufuta wala kuandika upya.

Niwaonyeshe kisa kilichofanya nishindwe kuinyamazia programu hii. Chini kabisa ya tawi la PICS, binti mmoja mpole alikuwa ameomba iandikwe: “Madam, dumuzi si anatoboa mbao? Plastiki itamshinda?” Mfuko wa PICS una plastiki mbili ndani na kiroba nje, ukifungwa vizuri hewa haiingii, wadudu wanakosa oksijeni na kufa. Lakini kweli dumuzi ana uwezo wa kutoboa ile plastiki, na watafiti wameshaliona hilo. Swali lake lilikuwa zuri kuliko mada nzima. Tulilikokota kutoka lilipojificha tukaliweka katikati, kisha majivu na mwarobaini vikageuka kuwa vya kulinganishia. Mradi ukapata mgongo. Kwenye orodha ya daftari swali kama lile lingebaki mstari wa mwisho wa ukurasa, na mwenye kuuliza asingelirudia.

Kuna mambo mengine mawili nayapenda sana. Unaweza kubandika alama ndogo kwenye tawi. Sisi tuliweka alama ya kuuliza kila penye jambo lisilo na jibu, halafu tukaichuja ramani ibaki na hayo tu. Kazi ya wiki ikawa imejipanga yenyewe. La pili ni kunakili. Orodha iliyoandikwa Notepad, ukiibandika, kila mstari unakuwa tawi. Na ukinakili tawi ukalibandika kwenye Word, linatoka kama orodha yenye ngazi zake. Vichwa vya ripoti yetu tulivipata hivyo, na kwa wanafunzi wanaoogopa ukurasa mtupu hilo ni jambo kubwa.

Kasoro zipo. Menyu zimejaa mno, na kwetu ziko kwa Kiingereza; mwanafunzi akianza kuzipekua anapotea, kwa hiyo mfundishe vitufe vichache na umwambie menyu aziache kwanza. Simu haina nafasi hapa, hii ni programu ya kompyuta. Watu wawili hawawezi kuandika kwa pamoja kutoka mashine mbili, na kundi likiwa kubwa wa nyuma wanachoka, kwa hiyo badilisheni mwandishi mara kwa mara. Kuprinti nako kunasumbua: inatoa PDF safi, ila ramani kubwa ikibanwa kwenye A4 maandishi yanakuwa kama chawa. Kunja matawi usiyoyahitaji kwa kitufe cha nafasi, kisha peleka steshenari tawi mojamoja.

Sioni sababu ya kuilipia programu nyingine kwa kazi hii. Inahitaji Java, yaani programu saidizi inayoiendesha, lakini kwa Windows kuna faili la kusakinisha lililokuja na Java yake ndani, lichukueni hilo. Pakueni mara moja mjini, wekeni kwenye flashi, mpitishe mashine kwa mashine, na mkiwapa shule jirani hamvunji sheria yoyote, leseni yake inaruhusu.